Kisanduku Kilichopitia Chunya

Mbeya,
Disemba 1957

Mdogo wangu Matano,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Iringa, na Sakina na watoto wakiwa wanakula na kucheza, na kifua cha mama kimetulia kwa ile asali niliyompelekea. Aliyeileta barua mpe kiti na maji ya kunywa kabla hujaendelea kusoma, maana ametoka mbali. Sisi huku mvua zimeanza na matope yanatupanda hadi magotini. Mwili wangu hauumi popote. Moyo ndio mgonjwa, ndugu yangu, na nimeona nikuandikie wewe.

Habari yenyewe ni kwamba sizalishi tena. Tangu Tekla afariki wamenipeleka kufua mashuka ya zahanati. Mimi, Mwantumu, niliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa huu, sasa nasugua damu nisiyojua imetoka kwa nani. Wanawake wakinikuta kisimani wanainua ndoo zao na kuondoka. Apolonia, mama yake Tekla, alitamka mbele za watu kwamba mkono wangu umeoza. Mtu aliyefiwa na mwanawe utamjibu nini?

Wewe Tekla ulimjua, jirani yangu, mke wa Jailos yule fundi mwashi. Alikuwa akikukaangia ndizi kila ukija. Alijifungua vizuri, mtoto wa kike, analia kama tarumbeta, na kondo likatoka salama. Kisha damu ikaanza, ikakataa kukata. Sikubabaika. Nilichukua kichupa cha dawa ya kukata damu katika vile ulivyoniletea, nikamchoma sindano, nikalikanda tumbo nikisubiri likaze. Halikukaza. Nikamchoma ya pili. Matano, ilikuwa kama nimemchoma maji ya mtungi. Alinishika kanga, akaniuliza mbona anasikia baridi. Nikamwambia ni mchana, jua linawaka, asiogope. Alikufa akiwa ameniamini.

Daktari aliponihoji, swali lake la kwanza lilikuwa juu ya dawa. Alitaka kujua kama ilipata joto njiani, kama ilikaa juani. Nikaapa, wallahi, kwamba ilifika baridi, kwamba niliipokea kwa mkono wangu kutoka kwa ndugu yangu wa tumbo moja. Naye akasema ikiwa dawa ilikuwa nzima, basi kosa limo katika kazi yangu. Hivyo ndivyo nilivyojifunga kamba shingoni kwa kukutetea wewe.

Juma lililopita alikuja Kalinga, dereva wa lile lori lililokuleta wewe na dawa, kumleta mkewe kliniki. Akanikuta kwenye kamba ya nguo. Maskini hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anapiga soga tu, akaniuliza kama ile dawa haikupikika kule Chunya. Nikacheka, nikamwambia amechanganya safari. Akasema hajachanganya.

Basi akanieleza yote. Kwamba mlipita Mbeya, mkapita karibu kabisa na nyumba yangu, nawe ukamwambia asisimame, kwa kuwa ningekuzuia na tumbaku ya Chunya ingechukuliwa na wengine. Kwamba kisanduku cha dawa ulikitoa kwenye kivuli cha miguuni upate kunyoosha miguu, ukakiweka mbele ya kioo cha lori, na hapo kikakaa juani muda wote mlipokuwa mnangoja mzigo kwenye lile vumbi. Kitambaa kibichi kilichofungiwa dawa kikakauka kau. Na mlipokuwa mnarudi ulimsimamisha mtoni, ukakilowesha kitambaa, ukavitia vichupa majini hadi vikapoa, ukacheka ukisema dada akigusa baridi hataniuliza kitu.

Na kweli sikuuliza. Nilivigusa, nikakushukuru, nikakupikia wali wa Ubaruku na kuku. Loo, ulikula vizuri siku ile!

Matano, Suresh, yule muuza dawa, alipokupa kisanduku kile dukani kwake alikuambia, nami nilikuwa nimeshakueleza nyumbani kwangu, kwamba dawa ile inauawa na joto na mwanga. Ndiyo maana vichupa vyake ni vya kahawia, ndiyo maana tunaifunga kitambaa kibichi. Ikishapoteza nguvu haifanani na maji ya kunywa ambayo ukiyatia mtungini yanakuwa mazuri tena. Inabaki safi machoni na haifanyi kazi. Labda ulidhani ukiipoza imepona. Hilo nimelipima, na ningeweza kukusamehe, kwani ujinga wa dawa si dhambi.

Lakini ulikuja matangani. Ulikaa na wanaume, ukala chakula cha msiba, ukamsikia Apolonia akinitukana. Neno moja tu kutoka kwako lingetosha. Badala yake ulitikisa kichwa, ukawaambia kwamba dada yako siku hizi anachoka, macho yake hayaoni vizuri. Nilikusikia nikiwa jikoni. Nikadhani unanihurumia, nikalia kwa shukrani. Mjinga mimi! Niliyekubeba mgongoni hadi ukajua kukimbia, ukanitupa mchana kweupe kwa ajili ya mitumba ya tumbaku.

Daktari nimeshamweleza. Atavitupa vichupa vilivyobaki, na kama nitarudishwa kazini ni shauri lao. Kwako sitaki fidia wala machozi.

Msalimie mama, lakini haya usimwambie, nitakuja mwenyewe. Msalimie Sakina, wanangu wabusu vichwani. Mtoto wa Tekla anakunywa maziwa ya ng'ombe, na anaongezeka.

Barua hii sikuitia posta, kama ulivyokwisha kuona. Jailos alitaka kuileta yeye. Nilimsomea yote kabla sijaifunga, akaniomba jambo moja tu: asimame mbele yako ukiwa unasoma, na ukimaliza umwambie kwa kinywa chako mkewe alikufa na nini.

Umemaliza sasa. Inua uso, mwambie.

Ni mimi dada yako,
Mwantumu binti Bushiri