Swichi ya Jua Ukutani

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti yako yanakubali kushuka zile ngazi za nyuma bila kuyasemesha. Sisi huku hatujambo. Binti yangu anakuamkia, na mumewe, yule fundi cherehani, anasema shikamoo zake zipokelewe mbili, kwa kuwa mwaka jana alisahau kutuma. Mimi nina afya, ila macho siku hizi yanadai mwanga wa mchana, ndiyo maana nakuandikia nikiwa nimejibanza dirishani kama paka.

Barua yako ilifika, na nimeisoma kuliko kitabu chochote mwaka huu. Umenieleza kwamba mjukuu wako mkubwa ameachana na mumewe, amerudi kwako na wanawe wawili, na wanalala chini ukumbini. Umenieleza pia kwamba chumba cha uani, ulichonitunzia tangu siku ile nilipoondoka mbio, bado kina kitanda changu na kufuli lake, na hutamkabidhi mtu mpaka nikuandikie kwa mkono wangu kama narudi au sirudi. Ukamalizia kwa kunionya nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa, kama ninavyofanya kila mwaka kwa kukuandikia “mwakani, Mungu akipenda”. Umesema kweli, Dada. Nitakujibu humu humu. Nivumilie tu kidogo, maana jibu nimelipata mahali nisipolitafuta, kwenye ununuzi wa swichi.

Mkwe wangu ana karakana ya ushonaji chini ya nyumba hii, sisi tunaishi juu. Umeme wa mtaa unakatika bila kubisha hodi, na mteja anayesubiri suti ya harusi hajui habari za transfoma. Basi yeye na binti yangu wakaamua kuweka paneli za sola juu ya paa. Kwa vile ujanani nilifanya kazi kwenye mitambo ya simu, usimamizi wakanipa mimi. Mkwe aliwatangazia majirani kwamba baba yao ndiye anayeujua umeme, nami sikumkanusha. Kichwa kilivimba, usinifiche, hata wewe kingekuvimba.

Nilichora mpango wangu kwa penseli, nikaupenda. Paneli zingekaa kwenye fremu za kukunja, zimebanwa tu juu ya paa, bila kufungwa kwa nati. Waya zingeunganishwa kwa plagi. Swichi ya kukata umeme kati ya paneli na inveta, yaani ile mashine inayougeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani, sikuiweka kabisa. Niliona plagi zinatosha: ukitaka kuzima, chomoa. Na ukitaka kuhama, chomoa zote, kunja, pakia. Niliwapigia hesabu kwamba mtambo mzima unaweza kuwa juu ya gari kabla chai haijapoa.

Unanijua. Tangu nifike huku sijamiliki kitu kisichobebwa na watu wawili. Meza yangu inakunjwa. Vitabu nikishavisoma navigawa. Marehemu mke wangu alizoea kuwaambia wageni kwamba yeye ana nyumba lakini mumewe anaishi stendi, na wageni wakicheka mimi nilicheka nao.

Akaja fundi wa sola, mama mmoja wa makamo ambaye mjini wanamwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza popote anapoingia. Aliutazama mchoro wangu kwa heshima, akaugeuza, akautazama tena, kisha akauliza swichi iko upande gani. Nikamweleza habari za plagi. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwamba kwenye mitambo ya simu tulifanya kazi na umeme wa betri miaka mingi, umeme wa DC kama huo wa jua, na tulichomoa waya kwa mkono mtupu huku tukipiga soga. Akaniuliza ulikuwa wa volti ngapi. Nikamjibu arobaini na nane. Akasema paneli zetu zikifuatana zote kwenye mstari mmoja zitapita mia nne, na asubuhi ya baridi kali zitapanda zaidi ya hapo, kwa kuwa paneli ikipoa volti zake huongezeka. Hilo la baridi sikuwa nalijua. Mimi nilidhani jua kali ndilo la kuogopwa.

Hakubishana nami. Aliteremsha paneli tatu uani, akaziunganisha na hita kuukuu, kwa plagi mbovu alizokuwa ametenga za kutupa. Akavaa glovu nene na miwani, akatusogeza nyuma, mimi na mkwe, akaichomoa plagi polepole. Dada, cheche zote nilizowahi kuziona maishani huruka na kufa. Ile haikufa. Ilijinyoosha katikati ya ncha mbili kama uzi mweupe wenye ubuluu, ikawa inamfuata kila anapovuta, inatoa sauti ya kukaanga. Hakuna swichi ya jua, kwa hiyo mkwe alikuwa ameshika jora la kitambaa kizito cheusi cha makoti, na fundi alipompa ishara akalitupa juu ya paneli, ndipo uzi ule ukazimika. Plagi ilikuwa imeyeyuka mdomo. Na hizo zilikuwa paneli tatu tu.

Taratibu alituelezea akiwa anavua glovu. Umeme wa mtaa, alisema, huenda na kurudi, na kila unapogeuka unafika sifuri, kwa hiyo cheche hupata mahali pa kufia. Umeme wa jua hauendi na kurudi. Unasukuma upande mmoja, na ukiukatia njia vibaya unajitengenezea nyingine hewani, na paa likishika moto mwenye nyumba hupanda kuchomoa plagi na kuuwasha upya kwa mkono wake. Mkwe alinitazama. Mimi nilitazama kile kitambaa cha makoti, ambacho kilikuwa kimeharibika.

Siku iliyofuata tulikwenda kununua swichi, fundi na mimi. Mwenye duka alituwekea moja mezani, nyekundu, nzuri, ya bei ya kushawishi, akasema imeandikwa mia nne na kitu, basi mia nne ni mia nne. Fundi akamwomba asome na herufi zinazofuata. Zilikuwa AC, umeme wa mtaa. Mwenye duka akasema umeme ni umeme, mama, kama maji ni maji. Fundi akamjibu kwamba basi anywe ya mferejini na ya betri tuone. Hata wateja waliokuwa foleni walicheka, na mwenye duka mwenyewe akacheka, akaenda kutafuta ndani.

Nilijifunza mengi pale kaunta, na kwa kuwa wewe unapenda kujua mambo kwa undani nakuandikia. Swichi iwe imeandikwa yenyewe kuwa ni ya DC, na volti zake zizidi zile za asubuhi ya baridi, si za wastani. Ikate waya zote mbili kwa mpigo mmoja, wa chanya na wa hasi, maana ukikata mmoja ule mwingine bado una ncha ya kuuma. Iwe na alama ya kupimwa, na si stika ya kubandika. Zipo nyingine ambazo ukizifunga kichwa chini, chanya mahali pa hasi, haziwezi kuiua cheche. Fundi akachagua isiyojali upande. Na mpini wake uwe na tundu la kufuli, ili fundi akiwa juu ya paa aifunge ikiwa imezimwa, asije mtu akaiwasha kwa haraka ya kutaka kupiga pasi. Tulipata moja yenye sifa hizo, nzito mkononi kuliko nilivyotarajia.

Ugomvi ulizuka nyumbani, juu ya mahali pa kuiweka. Mkwe alitaka iwe ndani ya stoo, nyuma ya majora, na ufunguo akae nao yeye, kwa kuwa wafanyakazi wake wana mikono isiyotulia. Fundi akakataa katakata. Kanuni zinataka swichi ionekane na ifikiwe na mkono wa mtu yeyote mzima, tena iandikwe kwa herufi za kusomeka, kwa sababu siku ya moshi hakuna atakayeuliza ufunguo uko wapi, na wazimamoto hawamjui mwenye stoo. Binti yangu akaamua: ukutani, karibu na mlango wa karakana, ndani ya boksi lisiloingiza maji. Fundi akachukua drili. Boksi lingefungwa kwa skrubu za zege, bomba la waya lipite ndani ya ukuta, na fremu za paneli zifungwe kwenye mbao za paa kwa boliti. Akasema vifaa hivyo, vikifungwa sawasawa, vinakaa miaka ishirini na zaidi.

Nilimzuia. Sijui hata nilisema nini mwanzo. Nadhani niliwaambia kwamba ukuta utapata nyufa. Kisha nikawaambia kwamba tungeweza kuiweka swichi kwenye ubao na ubao ukaegemezwa tu, na paa tukalibana kwa vibano vinavyofunguka. Fundi alisubiri na drili yake mkononi. Mkwe wangu, ambaye tangu amuoe binti yangu hajawahi kunipandishia sauti, na wala siku ile hakuipandisha, akaniuliza: “Baba, tunahama lini?”

Hakuwa anakejeli. Aliuliza kama anayetaka kupanga kazi zake. Binti yangu akainama, akawa anaokota nyuzi sakafuni. Nilifungua mdomo kutaja mwaka, nikaukosa. Dada, watoto wa binti yangu wanaota ndoto zao kwa lafudhi ya huku. Mama yao amezaa huku. Mke wangu nimemzika huku, tena kwenye mteremko mzuri. Wote walikuwa wamefika zamani. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa bado nasubiri gari.

Nikamwambia fundi atoboe. Vumbi la saruji lilinijaa kwenye kope, na hilo ndilo nililolisingizia.

Basi pokea jibu langu, nalo nimeliandika kwa mkono wangu kama ulivyotaka. Sirudi. Si kwamba kule kumenitoka. Nikifumba macho bado nakujua kule kwa kunusa. Ila anayekumbuka kule ni mtu mwingine, kijana mwenye viatu vya mbio, na kitanda unachomtunzia hakinitoshi mimi. Mpe mjukuu wako chumba. Vunja kufuli, na ufunguo uutupe. Kitanda akikipenda akilalie, asipokipenda akichanje kuni. Akitaka kutoboa dirisha la pili upande wa jua la asubuhi, atoboe, wala asiniombe. Na mwambie si mkopo. Asikae humo akisubiri babu arudi, akawa anapanga vitu vyake mlangoni kama nilivyofanya mimi.

Najua hili litakuuma, kwa kuwa kwa miaka yote hiyo umefagia chumba kisicho na mtu kwa ajili yangu. Ukikasirika, nikasirikie kwa barua ndefu, nitaisoma yote. Hasira ikipoa, uje. Hapa juu pana chumba kinachopata upepo, na nimeanza kujenga rafu ndani yake, za kugongomelewa ukutani, zisizotoka.

Nisalimie wote wanaonikumbuka, na wale waliozaliwa baadaye waambie wana babu mahali fulani, mzima. Kwa mjukuu wako peleka salamu za pekee. Wewe jifunike vizuri, na usishuke ngazi zile penye giza.

Mimi mdogo wako,
ninayeishi huku.