Milima ya kwao Ruthu

Mama mkwe, shikamoo. Miguu yaendeleaje?

Niko Bethlehemu, kando ya shamba la shayiri, vidole vyanukia mkate wa moto na mafuta ya zeituni. Upepo huku ni mkavu, midomo imenipasuka. Asubuhi nilimwuliza mwenyeji anayetutembeza sisi wa kanisa, ile milima ng'ambo ya Bahari ya Chumvi ni wapi. "Moabu," akasema. "Kwao Ruthu."

Nikakaa kitako. Siku zote nilidhani Ruthu alimfuata mkwewe hadi nchi ya mbali, kwao asikuone tena. Kumbe kila akiinua kichwa kwenye kuokota masuke, alikuwa akikuona, kama mimi nikipalilia hapo Jilore ninavyoona kwetu ng'ambo ya mto Sabaki. Na bado alikaa.

Tangu tumzike mwanao waniambia, "Wewe ungali kijana, rudi kwenu." Hata mbuzi yangu ya kukunia nazi umeshaifunga kwa leso, nikitoka safari niichukue niende nayo.

Mungu akutunze, mama. Mbuzi hiyo ifungue uirudishe jikoni. Ni ya hapo hapo.

Mkaza mwanao