Kombe Lililotobolewa kutoka Ndani

Jumatano, 3 Januari. Mgodini.

Basi ndiyo hivyo. Neville, mpishi mwenzangu, kateguka mgongo akiinua gunia la viazi, na mpishi mwingine hakuna. Wameniomba nibaki hadi tarehe kumi na mbili. Wameniomba — maneno tu. Watu mia mbili wanataka kula kabla jua halijachomoza, ningekataaje?

Nimepiga simu nyumbani. Dougal kasema poa mke wangu, usijitese. Nikamuuliza, na tarehe tano? Immy kuvuka?  Kasema maji mafu yanarudi tarehe kumi na tisa, hori haliendi popote. Nikaomba kuongea na Merrin. Mdogo wangu huyu huhamia kwetu kila nikiwa kazini, bila yeye nyumba ile ingeshalala chini. Nikamwambia nisubirini, asivuke na mtu ila mimi. Kasema, "Dada, avuke na nani kama si wewe? Tutakungoja."

Nimeyaandika maneno yake maana yamenituliza.

Immy ametimiza miaka minane tarehe ishirini na nane Desemba, mimi niko huku nakaanga mayai. Kwetu ukitimiza minane unavuka hori, mkono ule wa bahari unaoingia nchi kavu. Baba alinivusha mimi, akamvusha Merrin. Siku ya maji mafu, bahari isipopanda sana, maji yakishajaa na kusimama, kutoka kwenye mivinje hadi fungu la mchanga wanakolala ndege mwari. Mita sitini, labda sabini. Katikati kuna jiwe la kupumzikia, halionekani, mpaka uonyeshwe kwa mguu. Ukifika unaokota kombe la chaza, aliyekuvusha analitoboa, linatundikwa kwenye kafi la Baba pale barazani. Makombe mawili tu mpaka leo. Baba hayupo tena. La tatu ni la Immy, na wa kumvusha ni mimi.

Ijumaa, 5 Januari

Leo saa tisa kasorobo alasiri maji yalisimama kule. Jedwali la maji nimelibandika ndani ya mlango wa kabati la sahani, najua. Nikapiga simu, niwasikie tu. Mara tatu. Kimya.

Baadaye Dougal akapiga. Simu ilibaki garini, tulikuwa horini watoto wakoge kidogo. Nikasema, nipe Immy. Amelala, kachoka. Saa kumi na moja, jua bado kali — Immy amelala? Haya. Nimemenya vitunguu mpaka macho yakawaka.

Jumamosi, 13 Januari. Nyumbani.

Gus kanirukia shingoni kabla sijatua begi. Ana miaka mitano na uzito wa mbwa. Immy kanikumbatia vizuri, kwa adabu, kama mtu anayemsalimia mwalimu. Nimemletea miwani ya kuogelea. Kashukuru. Hakuijaribu.

Nimempeleka barazani, nikamshushia kafi. Nikamweleza swali la Babu yake, baba yangu. Kabla ya kuingia majini anayekuvusha anakuuliza: unaogopa? Ukisema hapana, unarudishwa. Babu alisema asiyeogopa hori hajaliona. Merrin alisema hapana, na kifua mbele. Akarudishwa, akangoja maji mafu mengine, siku kumi na nne amenuna. Mimi nilisema ndiyo mara ya kwanza. Na swali lile halidanganywi, nikamwambia Immy. Unaweza kunidanganya kuhusu meno na vitabu vya shule, si hilo.

Akasema, "Najua, Mama."

Nani kamwambia? Labda nilishamwambia mwenyewe. Nasahau mengi siku hizi.

Merrin kapika. Kakaa mbali nami mezani, anasimama kila dakika, mara chumvi, mara maji. Nikamwambia kaa basi, wewe si mgeni. Akacheka kidogo.

Jumatatu, 15 Januari

Horini tangu asubuhi. Dougal alikuja mapema kusimika hema, vinginevyo hupati kivuli. Likizo hii familia zote za pwani ziko hapa, hakuna wimbi, mtoto anayetambaa anakaa majini na nepi yake. Gari la aiskrimu, vijana wanaojirusha darajani, wazee na magazeti. Nilikuwa na furaha, niandike hilo. Nimekaa kwenye maji ya kiuno na wanangu wawili, Gus anakimbiza samaki bunju na wavu.

Halafu Gus, hivi hivi tu, macho kwenye wavu: yule mwari mbaya yuko wapi? Mwari gani? "Yule aliyemwibia Baba soseji. Tulipokuwa tunampigia Immy makofi."

Mlimpigia makofi kwa nini?

Immy akamrushia maji usoni. Kwa nguvu, si kwa mchezo. Gus akalia. Immy akasema, "Anachanganya, Mama, ni siku niliyoruka darajani." Immy hajawahi kuruka darajani. Hata kupita darajani kwa miguu ananishika mkono.

 Nikampangusa Gus kamasi. Kule chini ya hema Dougal na Merrin walikuwa wamesimama wote wawili, wanatutazama.

Jumanne, 16 Januari

Nimeliona.

Nilikuwa natafuta kichongeo kwenye mkoba wa penseli wa Immy. Nilitafuta kichongeo tu, naapa. Limefungwa kwenye soksi ya Gus. Kombe la chaza. Limeoshwa, limesuguliwa, lina tundu.

Na tundu limetobolewa kutoka ndani kwenda nje. Ukitoboa kutoka nje kombe linameguka ukingo, kila mtu hufanya hivyo, kila mtu humegua. Kutoka ndani, kwa msumari, unazungusha polepole huku unalilowesha mate. Baba alitufundisha watu wawili duniani. Mmoja ni mimi.

Upande wa ndani, kwa wino wa buluu: Immy, 5 Januari.

Tarehe tano nilipiga simu mara tatu.

Nimelirudisha kwenye soksi. Nikapika mchana. Tambi. Wakala, wakanisifu. Merrin akauliza niongezee jibini, dada? Niongezee. Nimewatazama mmoja mmoja wanavyotafuna, nikajiambia hawa watu wanne wanajua kitu na mimi sijui, kwenye meza yangu mwenyewe. Hata wa miaka mitano wamempa siri aibebe. Wamenizunguka. Sina neno jingine.

Jumatano, 17 Januari

Nimeongea na Dougal, garini, tukirudi kununua mkaa wa kuchomea nyama. Sikumtazama. Nikasema nimeona kombe.

Hakujitetea hata kidogo, ndicho kilichoniuma zaidi. Kasema Immy alilia siku mbili. Tarehe tano asubuhi aliamka amevaa nguo za kuogelea, akakataa uji, akasema Mama alisema tarehe tano. Ukamwambia nini? Nikamwambia tarehe kumi na tisa. Akaniuliza, na tarehe kumi na tisa Mama akiambiwa abaki tena?

Nikamwambia Dougal, na wewe ukasema haya, mvusheni. Kasema hapana, nilisema tungoje. Immy alimwendea Merrin mwenyewe.

Na kunidanganya — hilo wazo la nani? Langu, kasema. Kasema, nilidhani utavuka naye tarehe kumi na tisa, upate yako, hakuna kilichopotea. Upate yako. Kama sahani ya chakula wameniwekea kwenye jiko.

Nikamwambia mmemfundisha mtoto kujifanya mbele yangu. Kasema, "Hatukumfundisha. Alisema anaweza."

Nimeshuka nikatembea kilichobaki.

Merrin alikuwa anaanika mataulo. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga njia nzima, na makali. Likatoka moja tu: ulisema mtaningoja. Akaendelea kubana vibanio. Kisha akasema bila kugeuka, "Nimekungoja pamoja na mtoto wako miaka mitatu, dada. Siku ya jino. Siku ya wimbo shuleni. Siku ile nilichoka kungoja naye."

Nikamwambia nikifanya kazi nafanya kwa ajili ya nani. Akasema najua. Nikamwambia hukuzaa. Nilisema hivyo. Ningependa kuandika kwamba sikusema.

Akaweka kapu la vibanio chini, akaingia ndani. Mataulo mengine yakabaki kwenye beseni, nikayaanika mimi.

Nimemwambia Dougal jambo moja: Immy asijue kwamba najua. Akaniuliza kwa nini. Sijui. Pengine nataka kuona ataweza kweli.

Alhamisi, 18 Januari

Hakuna anayeongea zaidi ya lazima. Immy kaniuliza maji yanasimama saa ngapi kesho. Saa nane na dakika arobaini. Akauliza na jiwe liko wapi, Mama? Kwa uso mkavu kabisa. Nikamchorea kwenye karatasi, mnara wa maji nyuma yako, mvinje uliopinda mbele, hatua tatu kulia. Akaitikia kwa kichwa kila nilichosema. Vizuri mno. Mwanangu ni mwongo mzuri, sikuwahi kujua.

Karatasi ameikunja akaiweka chini ya mto wake. Hapo sasa sielewi. Unaweka mchoro wa njia unayoijua?

Ijumaa, 19 Januari. Horini.

Saa saba. Naandikia gotini chini ya mivinje. Merrin amekuja, sikutegemea. Kabeba kafi la Baba kutoka barazani, kaliegemeza kwenye hema, akaenda kukaa kwenye mwamba mbali na sisi. Dougal anageuza soseji zilizoiva zamani. Maji yanapanda polepole, yameshafunika ngazi ya tatu ya kushukia majini. Gus kaulizwa na mama wa hema la jirani, leo kuna nini kwenu, mmevaa vizuri hivi? Kamjibu, "Immy anavuka mara ya—" akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Maskini mtoto wa watu.

Kombe liko mfukoni mwangu. Nimelichukua asubuhi. Sijui nitalifanya nini. Kuna wakati nafikiria kumpa Merrin mbele ya wote, nimwambie litundike, si mmemaliza. Kuna wakati nafikiria kulitupa.

Saa nane na nusu. Nimevua gauni.

Saa nane na dakika arobaini na tatu. Nimerudi kwenye taulo. Wote wanadhani naangalia jedwali.

Tuliingia maji ya magoti, mimi na yeye. Miwani niliyomletea kaivaa. Maji yamesimama kama ya ndoo. Dougal, Gus, wale jirani, wote wako ukingoni. Merrin kasimama juu ya mwamba wake. Nikamshika Immy mkono, mkono ulikuwa wa baridi. Nikamuuliza.

Unaogopa?

Nilikuwa na uhakika atasema ndiyo. Wamempanga aseme ndiyo. Nilikuwa tayari kabisa nimekasirika, namngoja aseme. Akamtazama Merrin. Akavua miwani. Akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ya chini, ya kwangu peke yangu:

"Hapana, Mama."

Na akaanza kulia, hakuuachia mkono wangu. Swali lile hakulidanganya: alishavuka, haogopi tena.

Nikasema basi kwa sheria ya Babu sikuvushi. Nilitoa sauti kavu, najua nilivyoitoa. Akasema, "Najua." Akapangusa pua kwa bega. Kisha akaniuliza yeye, kama Baba alivyouliza, ameinamisha kichwa upande, na hakumwona Baba hata siku moja:

"Wewe je, Mama? Unaogopa?"

Nikasema ngoja, nimesahau kitu. Nikaja huku.

Nina miaka thelathini na tisa. Sijavuka tangu Baba afariki. Jibu langu ni ndiyo. Na anayesema ndiyo anavushwa, hiyo nayo ni sheria.

Bado amesimama palepale, maji ya magoti, kanipa mgongo, anaangalia fungu. Mkono mmoja kauacha nyuma, wazi. Merrin kakaa chini tena, kajifunika uso. Maji husimama dakika kumi na tano hivi. Zimebaki kumi. Kombe limenichoma paja, nimelikalia mfukoni mwa gauni.

Ananiita. Naweka kalamu.