Inchi Mbili za Mama Kulwa

Mama Kulwa,

Shikamoo. Najua leo sitaisikia marahaba yako, ila ulinizoesha mwenyewe kwamba siwashi cherehani kabla ya kukusalimia. Niko kibandani kwetu hapa Mabatini, mashine yako iko mbele yangu, na Minza amelala kwenye beseni la vitambaa. Ndiyo, Minza. Mwanangu. Nimezaa, Mama Kulwa! Miaka minane ya ndoa, halafu wewe Mungu akakuchukua miezi michache tu kabla ya habari yenyewe. Hilo ndilo linaloniuma. Kwa mengine yote nimetulia, namshukuru Mungu.

Ngoja nikusimulie, na usininunie.

Ulipoondoka nilinenepa. Hukuwepo wa kuninyang'anya chapati, nikala zangu na zako. Wifi yangu akatangaza sendofu yake ya kuagwa kabla ya harusi, nikapewa kazi ya kushona sare za kina mama wote. Si unajua, mtu ukimpima kiuno naye anakupima kwa macho. Mmoja akaniambia mbele ya wenzake, "Fundi, la kwako si litamaliza jora?" Nikacheka nao. Walipotoka nikalia mpaka kitambaa cha mteja kikalowa.

Ndipo nikampata dada mmoja wa vipodozi kule Igoma anayechoma sindano za kupunguza mwili. Unakwenda mara moja kwa wiki, unapandisha blauzi, anakuchoma tumboni, unaondoka. Hakuniuliza hata swali moja. Na mimi sikumuuliza. Mimba? Mimi? Baada ya mizizi yote ile niliyokunywa na maombi yote yale? Hata uzazi wa mpango sikutumia, maana ningepanga nini?

Sikufichi, mwili ulipungua. Njaa ilikatika, nikawa natosheka na nusu kikombe cha uji. Kila baada ya siku chache nabana gauni langu la sendofu, najizungusha kwenye kioo, najisifu. Kisha nikaanza kutapika. Dada wa sindano akasema hiyo ni dawa inafanya kazi, nivumilie. Nikavumilia kama mjinga. Siku zangu unazijua, hazijawahi kuwa na mpangilio, kwa hiyo sikuzihesabu.

Kilichoniumbua ni futi yako ya kupimia. Ile sheria yako ya kwamba kila anayeshonewa hapa apimwe upya na aandikwe kwenye daftari, hata kama ni fundi mwenyewe, sijaiacha. Siku hiyo nikaandika vipimo vyangu chini ya vile vya mwezi uliopita. Kiuno kimepungua inchi mbili. Mikono imepungua. Kifua kimeongezeka inchi mbili. Nikapima tena, nikadhani nimeshika futi vibaya. Kifua kilekile.

Nikakumbuka nukta zako, Mama Kulwa. Zile nukta za bluu ulizokuwa unaweka pembeni ya majina ya wateja wengine. Nilipokuuliza mara ya kwanza ulininong'oneza, "Huyu kifua kimemzidi kiuno ghafla. Ana mgeni tumboni. Mwachie inchi mbili kila upande, na ufunge mdomo." Hukuwahi kukosea. Nikalitazama jina langu pale kwenye daftari. Nikachukua kalamu nikaweka nukta.

Kipimo cha duka la dawa kikatoa mistari miwili. Weee! Nilipiga kigelegele peke yangu, nikakikatiza katikati. Juzi yake tu nilikuwa nimechomwa.

Sijawahi kuogopa vile. Nilipita kwa yule dada nikamwomba kichupa kitupu cha dawa, nikakifunga kwenye leso, nikaenda kliniki nikamwekea daktari mezani na kumwambia kila kitu. Nilitegemea kufokewa. Hakufoka. Aliniambia niache siku ileile, hata moja zaidi nisichome, kwa sababu dawa hiyo haijathibitishwa kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Akasema ukiacha leo haitoki leo, inabaki mwilini wiki kadhaa, ndiyo maana mwanamke anayetafuta mtoto huambiwa aiache miezi miwili au zaidi kabla. Tena wengi wanaokonda kwa sindano hushika mimba bila kutarajia, kwa sababu mwili ukipungua mayai huamka. Nikamuuliza kama nimemuua mwanangu. Akasema, "Hapana mama, moyo wake unapiga. Wengi walioacha mapema wamejifungua salama. Ila siwezi kukuahidi, tutamfuatilia." Hiyo "siwezi kukuahidi" niliibeba miezi yote iliyobaki. Kila nilipokwenda kupigwa picha ya tumbo nilihesabu vidole kwenye kioo kile cha kijivu, ingawa kusema kweli sikuwa naona kitu.

Mume wangu nilimweleza siku hiyohiyo. Alitoka nje, akarudi na sato mzima na ndizi. Akasema, "Kula." Basi nikala.

Minza akatoka akilia kabla hajamaliza kutoka. Vidole vyote vipo. Mama mkwe alikuja kutoka Bujora na kibuyu cha maziwa mgando na jogoo mwenye hasira, akanikalisha kitandani akanilisha kama ndama. Sasa mimi nimenenepa kuliko nilivyokuwa, na wateja wananiambia nimenawiri. Wengine wanamaanisha.

Lakini nikuambie la mwisho, maana wewe sikuwahi kukudanganya. Sendofu ya wifi iliahirishwa, sasa ni wiki ijayo. Gauni nililolibana halipandi hata magotini. Yule dada akanitumia ujumbe, "Umeshajifungua, karibu tena." Na mimi nikaenda. Nilifika mpaka mlangoni kwake, Minza mgongoni. Nimeshika pazia. Mtoto akaanza kutafuta ziwa, anagongagonga mgongo wangu kwa kichwa.

Nikaachia pazia, nikaenda moja kwa moja kliniki. Nesi akaniambia hakuna anayejua kwa uhakika ni kiasi gani kinapita kwenye maziwa na kitamfanya nini mtoto, na mama asiye na njaa wala kiu maziwa yake yatatoka wapi? Nisubiri mpaka nimwachishe Minza, ndipo nirudi tuzungumze na daktari, na uzazi wa mpango tuuongelee kabisa. Nikamnyonyesha palepale kwenye benchi. Alinyonya kwa fujo, na mimi nikajisikia mwepesi kuliko siku zote nilizokuwa nakonda.

Jana nilitoa sandukuni gauni la mwisho ulilonishonea, lile la Pasaka. Unakumbuka nilivyokukasirikia? Uliacha inchi mbili kila upande, nikadhani unanitabiria unene, nikakununia wiki nzima. Ukasema tu, "Utanishukuru." Nikafumua mshono polepole, Minza mapajani.

Ndani ya kitambaa, mahali ambapo hakuna mtu angeona, kuna nukta ya chaki ya bluu.

Sikuwa na mimba wakati ule, Mama Kulwa. Ulijua sina. Ukaniwekea hivyohivyo.

Nimelishona upya kwa inchi zako, nimelivaa. Limenitosha, na ndilo nitakaloendea sendofu, hao wenye jora lao watajua wenyewe. Pumzika, mwalimu wangu. Kibanda kiko wazi, futi imening'inia palepale. Nakuahidi kila atakayesimama mbele yangu kiuno kikipungua na kifua kikiongezeka, sitafunga mdomo kama ulivyonifundisha. Hapo tu ndipo nitakapokuasi. Nitamkalisha, nimuulize anachoma nini, kisha nimwachie inchi mbili.

Mwanafunzi wako,
Mama Minza