Kwa Miguu Mpaka Kasongo, Mimi na Yvette

Jumapili, tarehe 11 mwezi wa nane 2024

Tumetoka Wamaza baada ya misa. Watu thelathini na tano. Katekista Jean-Paul mbele na musalaba, mimi nyuma ya Yvette. Nimechagua pale makusudi, niangalie muguu wake. Miaka miwili sasa tangu moto, pikipiki ile, imuangushe, paja likavunjika mara mbili. Pale lopitali niliahidi Mama Maria: mutoto wangu akitembea tena, tutakuja wawili kwa miguu mpaka kanisa kubwa la Kasongo, tarehe kumi na tano, siku yako. Na leo anatembea! Asante. Asante tena.

Nimemukatalia kubeba kitu. Blanketi yake, sahani yake, unga, bido la maji, vyote juu ya kichwa changu pamoja na vyangu. Amekunja uso.

Tunalala katika shule. Madeski yamesukumwa ukutani, wanawake darasa moja, wanaume lingine. Mama za kijiji wametuletea ugali wa bukari na mboga ya sombe, na hata hawatujui! Nimeugusa muguu wa Yvette mara tatu. Haukuvimba. Amesema Mama, niache basi nipumzike.

Kaye hii ninayoandikia, kurasa za mbele ziko na saa za dawa zake. Kurasa zile sizifungui.

Jumatatu, tarehe 12

Sandali mpya si za safari. Nilizinunua ili Mama Maria asinione na viatu vya shamba — ujinga wangu! Kisigino kimechubuka. Jirani yangu Léocadie amevaa kambambili za zamani, anaimba tu. Ameniuliza kama nilidhani tunaenda harusini. Na yeye, ukilala karibu naye umekwisha: anakoroma kama mashine ya kusaga mihogo.

Tumepewa chapeli yenye nyasi safi chini, na maji ya moto ya kunawa miguu. Maji ya moto! Nililia kidogo.

Lakini jioni Yvette amechechemea. Nikaenda polepole kwa Jean-Paul, nikamuomba amutafutie moto kwa kesho. Akauliza, ahadi ilikuwa ya kupanda ao ya kutembea? Nikamujibu Mama Maria na yeye ni mama, ataelewa.

Yvette alikuwa nyuma yangu. Wee! Mbele ya watu wote: “Moto? Ile iliyonivunja? Mama, umenibeba miaka miwili, na sasa unabeba hata sahani yangu. Mimi nitatembea lini?”

Léocadie akasema: “Mama Yvette, kama ni kubeba, nibebe na mimi basi, nimechoka!” Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, machozi yakitoka.

Jumanne, tarehe 13

Vumbi. Jua kali. Yvette hakunisemesha mpaka mutoni. Pale akanishika mukono. Nilidhani ninamuvusha. Kumbe ananivusha mimi.

Kisigino kinatoa usaha. Sijamuambia mutu.

Jumatano, tarehe 14

Nimeanguka na muzigo wote! Unga njiani, bido limepasuka. Si muguu wa Yvette ulioshindwa — ni wangu. Umevimba mpaka kwenye kifundo.

Nimelazwa kwa Mama Hidaya, Muislamu, nyumba ya kwanza iliyokuwa karibu. Hakuuliza mimi ni nani. Ametandika mukeka, ameita muganga wa dispanseri. Nilipomuambia tunaenda kwa Mama Maria akasema: “Bibi Mariamu? Ni wetu pia. Kula kwanza, dada, hapendi ufike kwake na njaa.” Watu wengine wote amewapa uwanja wa nyuma, na mihogo ya kuchoma.

Muganga amekata neno: siku tatu bila kukanyaga. Na Kasongo imebaki saa tatu tu za kutembea!

Nikamuambia Yvette tutabaki wawili. Ahadi ilikuwa ya wawili. Akaanza kukusanya vitu vyangu na vyake, akavifunga kifurushi kimoja. Akasema: “Juzi ulitaka mimi nipande moto. Kesho panda wewe.”

Mimi? Juu ya moto?

Alhamisi, tarehe 15, asubuhi

Wameenda. Jean-Paul ameita majina, akafika kwa langu, akaruka. Yvette ameniinamia, kifurushi tayari kichwani. Amesema ataningoja mulangoni pa kanisa. Na misa ikianza sijafika, ataingia, ashukuru kwa wawili. Nilitaka kusema polepole, angalia mawe, ukichoka keti. Nimefunga mudomo. Mungu anajua ilikuwa kazi gani.

Iliasi, mume wa Mama Hidaya, ameenda kutafuta mafuta ya moto yake. Anasema ataniendesha kama anabeba mayai. Bado hajarudi. Naogopa, lakini namushukuru.

Nimekaa mulangoni. Kutoka hapa naona mulima wote, na watu wanapanda, mustari mumoja, mizigo juu ya vichwa. Namutafuta wangu. Natafuta yule anayechechemea, ndiyo nijue ni yeye. Nimeanza mbele kwa musalaba, nimefika mwisho, nimerudia tena.

Hakuna anayechechemea. Yvette ni yupi?