Wimbi Lisilohama

Kisiwani, 23 Agosti 1964

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwanza, na nauliza: homa imekuacha? Mimi ni mzima. Bibi naye mzima, ila anagombana na magoti yake. Tangu uliponipakia katika mtumbwi wa mjomba, tonton Valère, siku waasi walipoingia Kisangani, usingizi wangu ni mwepesi. Bado makarani mnalazimishwa kujionyesha ofisini kila asubuhi?

Tonton anasema wanaume wakishuka ufukoni wanakamatwa na kuulizwa maswali, lakini wasichana wenye beseni la samaki kichwani wanapita. Basi nimewaza: nije na beseni mpaka nyumbani, ndani nifiche nguo za mvuvi, uzivae, tushuke pamoja.

Tatizo ni desturi ya hapa. Siku ile nilivushwa kwa dharura, lakini kwa kawaida hakuna anayevuka maporomoko kwenda mjini katika mtumbwi kabla hajajua kusimama juu ya ubao. Nyuma ya jiwe jeusi kuna wimbi lisilohama: maji yanakimbia, lenyewe linabaki. Watoto hulipanda kwa vipande vya mitumbwi mikuukuu. Ukianguka, unaogelea na kurudi mwenyewe. Viviane, binti wa tonton, anaicheka shule yangu ya masista na imla zake: "We mutoto ya masista! Maji haina dictée!"

Nataka kujifunza, Papa.

Mtoto wako,
Clothilde

*

Kisangani, 6 Septemba 1964

Clothilde wangu,

Salamu kwako, kwa bibi na kwa shemeji Valère. Homa imepungua.

Barua yako imenifikia kwa mikono ya Mama Angèle, jirani yetu, chini ya samaki aliowanunua. Nimeisoma, kisha nimeichoma. Mambo kama yale hayaandikwi, mwanangu! Wangeifungua, Mama Angèle angekuwa wapi leo?

Ubao, hapana. Mama yako, Mungu amrehemu, alizaliwa juu ya maji. Wewe umezaliwa juu ya sakafu ya saruji, kama mimi. Kaa na bibi, soma misale yako. Mimi naenda ofisini bila tai wala miwani, nisionekane msomi, na hakuna anayenitazama.

Papa yako

*

Kisiwani, 27 Septemba 1964

Papa mpendwa,

Shikamoo. Unakula vizuri? Nisamehe kwa barua ile.

Nimetii. Sijagusa ubao. Tonton alisema tu, "Papa yako iko na haki. Bon, kaa." Nakaa juu ya mwamba na kuwatazama wenzangu. Lakini Jumatano tonton alirudi kutoka sokoni, akala, akamwambia bibi kwamba karani mmoja wa mtaa wetu ameitwa na waasi na hajarudi. Hakutaja jina.

Leo ni siku ya nne nangoja Mama Angèle atume neno kwamba si wewe. Naomba ruhusa tena. Nikikosa, nitatii.

Mtoto wako,
Clothilde

*

Kisangani, 11 Oktoba 1964

Mwanangu,

Nipo. Aliyeitwa ni Yakubu, tuliyeketi naye meza moja. Jana wameita mwingine.

Jifunze. Shika maneno yote ya shemeji Valère. Fanya haraka, lakini usife.

Papa yako

*

Kisiwani, 8 Novemba 1964

Papa mpendwa,

Pole kwa siku hizi. Mwili unaendeleaje? Wangu una michubuko kila mahali, lakini ni mzima.

Nilianguka mpaka bibi akaacha kuja kutazama. Kosa langu lilikuwa moja: nikiogopa, naegemea nyuma, na ubao unanitoroka. Tonton alinifokea kutoka kwenye mwamba: "Mbele! Lala mbele, kule kwenye unaogopa!" Jana niliinama mbele, uso kuelekea kule mto unakotoka. Mto wote ukapita chini ya miguu yangu, nami nikabaki pale pale. Viviane alipiga kelele, "Kumbe! Masista anatembea juu ya maji!" Kisha akanikumbatia mpaka tukaanguka wote.

Jumatano nitakuletea samaki nyumbani. Usitoke, tafadhali.

Mtoto wako,
Clothilde

*

Yanonge, 15 Novemba 1964

Clothilde wangu,

Najua ulikuta mlango umefungwa. Nisikilize.

Alfajiri ya Jumatano ile walianza kupekua nyumba za makarani. Nikatoka kupitia uani, nikashuka ufukoni kukuzuia. Nilichelewa. Mtumbwi ulikuwa unaingia, na wewe umesimama mbele, umeshika kafi. Vijana wenye bunduki walijaa pale, mmoja wao ananijua. Niliogopa ukiniona utaita. Nikajificha nyuma ya wanawake wa soko mpaka ulipopita karibu yangu na beseni lako. Ningeweza kukugusa.

Alfani, mchuuzi wa samaki wakavu, alinificha chini ya mikeka ya mtumbwi wake mpaka huku Yanonge, mto unakoelekea. Nipo kwake. Kila mtumbwi ukikaribia, naingia msituni. Usije.

Papa yako

*

Kisiwani, 22 Novemba 1964

Papa mpendwa,

Uzima wako ndio dawa yangu. Nilikuwa nimeanza kukuombea kama marehemu.

Nilipofika nyumbani, mlango ulikuwa na alama za viatu. Niliwagawia majirani samaki wote ili nisirudi na beseni zito, nikatembea mpaka ufukoni bila kulia. Tonton aliniona uso, akanipa kafi, akasema, "Alors, piga."

Umesema nisije. Ni mara ya kwanza nakataa neno lako. Sisi wenyewe twaondoka kesho, tonton na mimi. Barua hii inatangulia kwa watu wa Alfani ili usitukimbilie msituni. Ukiona mtumbwi na msichana amesimama mbele, baki ufukoni. Safari hii nitaita kwa sauti yote niliyo nayo. Wewe uitike tu.

Mtoto wako,
Clothilde