Miti Yetu Haiazimwi, Magesa

Mpendwa wangu wa zamani, Magesa,

Nakuandikia nikiwa mke wa mtu, tena mke mwenye furaha mpaka majirani wa hapa Bunda wamechoka kunisikia nikiimba. Barua hii siifungi kwenye bahasha. Atakayetaka kuisoma na aisome, maana hata wewe ujumbe wako hukuufunga. Dereva wako aliutamka uani kwetu mbele ya mume wangu, mama mkwe, na wanawake waliokuja kuomba moto.

"Mgeni mkubwa anapita Jumamosi," alisema. "Bosi anaiomba ile miti yenu ya korongoni. Itang'olewa na udongo wake, itapandwa kando ya barabara, mgeni akishapita mtarudishiwa."

Mtarudishiwa! Miti, Magesa, si viti vya harusi.

Mama mkwe alidhani hajasikia vizuri. Wala sikumsaidia, kwa sababu mimi nilikuwa nimesikia vizuri na nilikuwa nacheka. Nilicheka kwa sababu nilikutambua. Katika mkoa huu wote, mtu wa kuwaza jambo kama hilo ni wewe peke yako.

Unakumbuka tulipofahamiana Musoma? Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwa mjomba kule Nyakato, na kazi yangu ilikuwa kupanga foleni ya sabuni. Miaka ile ya uhaba mtu aliyenukia sabuni aligeuziwa shingo. Wewe, bwana misitu, ulinukia. Siku ya kupanda miti ulipanda juu ya meza, ukanyoosha mkono, ukasema, "Ndugu wananchi, jangwa linakuja!" Mimi niliyeshika koti lako niliona kabisa jangwa likisimama kukusikiliza, kisha likirudi lilikotoka. Nilikuwa msichana mjinga na nilikupenda sana.

Halafu yule bibi mwenye jembe akakuuliza, "Baba, hili shimo si ndilo la mwaka jana?"

"Ndilo, mama. Limeshachimbwa, ya nini kujichosha?"

"Na mti wake ulienda wapi?"

"Ulikufa."

"Kumbe mnazikaga watoto kwenye kaburi moja."

Watu walicheka, na wewe ulicheka kuliko wote. Mgeni wa siku ile alikuwa na haraka, hakutaka udongo umchafue suruali, kwa hiyo ukatuamuru tuiingize miche shimoni pamoja na vile vifuko vyeusi vya nailoni ilivyooteshewa. "Ingizeni hivyo hivyo, picha inapigwa!" Mzizi ndani ya nailoni ni kama mguu wa mtu mzima ndani ya kiatu cha mtoto. Picha ilitoka nzuri. Miche ilikauka yote, na mwaka uliofuata mashimo yalikuwa yanatungoja, yamekwisha kuchimbwa.

Unakumbuka na chumba chako cha Nyasho? Jiko la mkaa liliwaka toka asubuhi kwa ajili ya birika moja la chai, huku wewe mezani ukiandika hotuba ya kuwakemea wachoma mkaa. Maji nilikuwa nayabeba kichwani kutoka ziwani, na wewe ukiyaoshea pikipiki ya ofisi. Mlangoni kulikuwa na miche iliyobaki kwenye sherehe, imelegea kama watoto wenye homa. Nikakwambia, "Sogeza pikipiki hapa, maji ya kuoshea yateremke kwenye miche." Hata hukuinua macho.

"Nyangeta, kumwagilia hakumo kwenye bajeti."

Ungeinyoosha miguu ungeigusa ile miche! Siku hiyo ndipo nilipoanza kukudharau, na dharau hiyo, tofauti na miche yako, ilishika mizizi.

Sasa ngoja nikusimulie habari za Mafuru wangu, hata kama hukuniuliza.

Mafuru ni karani wa kununua pamba. Alikuja kwetu Kibara na mjomba wake kujitambulisha. Wakapewa ugali wa muhogo na sangara, wakala, wakanawa. Mara mgeni akainuka, akabeba beseni la maji machafu ya mikono, akatoka nalo nje. Unajua kwetu ilivyo. Maji waliyonawa wageni humwagwa na wenye nyumba, na mgeni akiondoka nayo watu huanza kujiuliza anakwenda kuwafanyia nini. Mama alisimama kama amepigwa.

"Wewe kijana, maji ya mikono ya watu unayapeleka wapi?"

"Kwenye mpapai wako, mama. Unakufa kwa kiu."

Walipoondoka mama akasema, "Huyu kama si mchawi, ni mume." Nikamjibu, "Hata akiwa mchawi, mama, mimi nimekwisha." Na kweli nilikuwa nimekwisha. Mpaka leo nikimwona anavuka uani na ndoo ya maji ya vyombo, shati lake la mitumba limemshika mgongoni, natamani kumwita arudi tu, nimwangalie akienda tena.

Usidhani nimeolewa na mtakatifu. Miche yake ya kwanza aliipanda kando ya njia ya mbuzi, wakaimaliza siku ile ile, naye akawafukuza mbuzi huku suruali inamvuka, kijiji kizima kikitazama. Mwenyewe hunisimulia kisa hicho tukiwa kitandani mpaka tunaumwa mbavu. Miche ya pili ilitoka kwa shangazi yangu wa Butiama, anayeotesha mijohoro kwenye makopo ya maziwa. Mafuru aliifunga kwenye baiskeli, akaja nayo mpaka Bunda akiikokota baiskeli zaidi ya kuiendesha, asije akaitikisa miche. Wakati huo tulikuwa wachumba, miaka mitatu kabla ya ndoa. Wanaume wengine huleta kanga.

Mijohoro hiyo ndiyo unayoitaka. Imesimama ukingoni mwa korongo, nyuma ya jiko la mama mkwe. Mama anasema alipoolewa hapa watoto walikuwa wanaliruka korongo hilo wakicheza. Sasa ng'ombe akianguka humo anavutwa kwa kamba na wanaume. Kila masika lilikuwa likimega shamba la pamba, likaja, likaja, mpaka likafika nyuma ya jiko. Tangu mijohoro ishike, ukingo haujasogea. Ukiing'oa leo ukairudisha baada ya mgeni wako, utairudishia wapi? Utakuta tumbo la korongo, na jiko la mama limo ndani yake.

Nikwambie jambo linaloniudhi kuliko yote, Magesa. Hotuba zako ni za kweli. Ungekuwa mwongo ningekuonea huruma. Mvua zimebadilika kama unavyosema. Vuli hii tulipanda pamba, ikaota, jua likaiunguza, tukapanda tena mbegu ya kuomba kwa jirani. Wazee waliokuwa wakiangalia mawingu upande wa ziwa na kusema "kesho shikeni majembe" sasa wanaangalia na kunyamaza. Unayajua haya yote. Unayasema kwa sauti nzuri iliyonifanya nishike koti lako. Halafu unashuka mezani na unaomba miti ya watu.

Huku kwetu hatuna meza ya kupandia. Mama mkwe anafinyanga jiko la udongo linalokula vijiti viwili pale mafiga yalipokuwa yanakula gogo. Mimi naloweka maharage usiku ili yasikeshe motoni, na sufuria nafunika. Mafuru amezungusha miiba kwenye kila mche, kwa sababu ya wale mbuzi. Ni mambo madogo kiasi kwamba hakuna mpiga picha atakayeyafuata, na ndiyo maana hukuwahi kuyafanya.

Lakini ujumbe wako ulituletea ugomvi wetu wa kwanza, na hilo sitakusamehe haraka. Mafuru alisema, "Tumpe hata mitano, mke wangu. Ni mtu wa ofisi. Akinichongea, kazi imekwenda." Nikamwambia, "Mitano inayozuia jiko la nani?" Akazima taa. Tulilala tumepeana mgongo, sisi ambao hatujamaliza hata miezi mitatu ya ndoa! Nililia kimya kimya, si kwa ajili ya miti. Niliogopa nisije nikamwona siku moja kama ninavyokuona wewe.

Jana watu wako walikuja na majembe na magunia. Mimi nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kuwatukana. Sikupata nafasi. Mume wangu mpole, asiyeweza hata kubishana na muuza dagaa, alishuka mpaka ukingoni, akasimama mbele ya mjohoro wa kwanza. Akasema, "Mwambieni bosi wenu nimekataa. Jina langu analo, na kazini kwangu anapajua." Hakupiga kelele. Wale vijana wakatazamana, mmoja akacheka, akasema, "Afadhali, shemeji. Jua lenyewe hili." Wakanywa maji, wakaondoka.

Magesa, nilimpenda toka siku ya mpapai. Jana nilimheshimu. Umenipa zawadi ya harusi bila kukusudia, na sitakushukuru.

Basi nakuaga, na safari hii ni moja kwa moja. Jumamosi mgeni wako akipita, mwache aione barabara ilivyo, tupu toka mwanzo mpaka mwisho. Hiyo itakuwa taarifa ya kwanza ya kweli kutoka ofisini kwako.

Ni mimi,
mchumba wako wa zamani, leo mke wa Mafuru.